Sanduku la bibi na chetezo cha Krete

Alhamisi, Khuwair ya Kusini. Joto la leo halina adabu. Saa mbili asubuhi nimeshika usukani wa gari nikauachia hapo hapo, na kiyoyozi cha sebuleni kimekuwa kikinung'unika tangu alfajiri. Lakini mimi niko sawa, tena sawa kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana nimekaa kuandika kabla sijabadilisha mawazo.

Nianze kwa kukiri.

Mwezi wa nne nilisema uongo. Jumba moja la makumbusho hapa Maskat linatayarisha chumba cha mambo ya familia zetu, sisi tuliotoka bara ya Afrika Mashariki tukarudi Oman. Walikuwa wanatafuta vitu vya nyumbani. Nikawapelekea picha za sanduku la bibi: sanduku kubwa la mbao nzito, limepigiliwa misumari ya shaba, lina droo mbili ndogo na moja ndefu chini yake. Lilitoka Tabora kwa treni, likapanda meli Dar es Salaam, likaja mpaka huku pamoja na bibi na mama. Wakalipenda siku ile ile. Wakaniuliza, mwenyewe ameridhia? Nikajibu ameridhia.

Mama alikuwa hajui hata kwamba nimelipiga picha.

Wanaonijua hawatashangaa. Kazi yangu ni kukagua mikataba ya ujenzi, na nimezoea kuona jambo linavyotakiwa kwisha kabla wengine hawajaanza kulijadili. Nyumbani mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu Nasser anaishi Mawaleh na hukubali kila kitu mradi asiambiwe abebe. Kwa hiyo naamua mimi, na kusema kweli mara nyingi naamua vizuri. Sanduku lile linakula vumbi chumbani kwa mama, nikajiambia, na mama ana miaka sabini na tatu. Liende mahali litakapotunzwa.

Nilipomwuliza kama atalitoa, kuliko likae kula vumbi, mama hakuacha hata kukunja kanga.

"Vumbi gani? Nnalifungua kila siku. Pasipoti zenu zote zimo humo. Sanduku linafanya kazi yake, mwanangu, mnataka kulitia ndani ya kioo la nini?"

Nikaona hapa maneno hayatasaidia, panahitajika safari. Mwenzangu kazini alikuwa amerudi kutoka Krete, kile kisiwa kikubwa cha Wagiriki, na simu yake imejaa picha za makumbusho na magofu. Nikakata tiketi mbili. Siku tano, na kila siku makumbusho au mahali pa kale, vyote nimevipanga kwenye jedwali na kulichapisha. Mpango wangu ulikuwa wazi: mama ataona jinsi wenzetu wanavyoheshimu vitu vya wazee wao, ataridhia mwenyewe, na uongo wangu utakuwa kweli bila mtu kujua.

Mama alikubali safari haraka mno. Pale ningepaswa kushtuka.

Heraklio, siku ya kwanza, tuliingia makumbusho makubwa ya mjini. Mama alitembea vyumba vyote bila kulalamika miguu. Siku ya pili tukaenda Knoso, kwenye kasri lile la kale lenye nguzo nyekundu. Akasimama mbele ya mitungi ya udongo iliyomzidi kimo, akajinyoosha kuchungulia, akataka kujua ilikuwa inaoshwaje ndani. Mimi nikamsomea kibao kwa fahari: ya zamani kiasi gani, ilitiwa nini.

"Na mwenyewe nani?" akauliza.

"Hawajui, mama. Ni maelfu ya miaka."

"Basi wameuhifadhi mtungi, mwenyewe kawapotea." Akajifunga mtandio vizuri akaendelea na safari. Nikajua nimeshindwa raundi ya kwanza.

Ya pili nilijiharibia mwenyewe. Chania, mji wa magharibi ya kisiwa, bandarini kuna msikiti wa zamani wenye kuba. Niliutia kwenye jedwali nikidhani mama atafurahi kuona msikiti ugenini. Siku hizi hausaliwi, hufanyiwa maonyesho. Mama alisimama juani muda mrefu akiangalia lile kuba, watu wanapita na aiskrimu zao. Wakati wa chakula cha jioni hakuutaja msikiti. Aliniambia samaki amekauka. Nililala nikiwa na aibu, kwa sababu nilikuwa nimempeleka kuangalia hasa kile anachokiogopa: kitu kilichoachishwa kazi yake.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Kwenye jedwali niliandika tu "kijiji, nyumba ya kale", kwa kuwa ilikuwa njiani na tiketi yake rahisi. Teksi ikapanda milima kwa saa nzima, mama akisoma dua zake kila kona.

Nyumba yenyewe ni ya bibi mmoja, Kiria Eleni. Kiria ni kama sisi tunavyosema Bi. Ni mfupi, mnene kidogo, kavaa nguo nyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, na anaishi humo humo ndani ya makumbusho yake. Vyumba vya mbele ni vya wageni, jikoni ni pake. Hajui Kiingereza, hajui Kiarabu, na Kiswahili ndiyo usiseme. Tukazungumza kwa simu yangu, ninaongea nayo, inamtafsiria.

Kila kitu mle ndani kimebandikwa kipande cha karatasi alichoandika kwa mkono. Ukikiwekea simu juu, inakusomea. Nikaanza na kinu cha mbao nikitegemea ukubwa na umri. Simu ikasoma: *Mchi huu aliuvunja kaka yangu akimfukuza paka. Baba hakumpiga, na mpaka leo sijui kwa nini.* Kwenye kiti cha majani: *Usikikalie, kinaonekana kizima tu.* Kwenye sufuria ya shaba: *Hii tulimwazima jirani, hatukurudisha.*

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu tutoke Maskat sikuwa nimemsikia akicheka vile. Akawa ananivuta mkono, nisomee na hiki, nisomee na kile, na mimi moyoni najipongeza, mambo yameiva.

Ndipo Kiria Eleni akaingia kutoka jikoni ameshika chetezo.

Kidogo, cha shaba, moshi unapanda. Mama akavuta pumzi, akanigeukia macho yameng'aa. "Ubani!" Na kweli ulikuwa ubani, harufu ya nyumbani kwetu kabisa, kule juu milimani. Kiria Eleni akapita nao kona hii na ile, akatukaribia.

Sasa, kwa asiyejua: kwetu mgeni hupewa kahawa, hupewa halwa, huzungumza mpaka achoke, na mwisho kabisa mwenye nyumba huleta chetezo. Kikishaletwa, ziara imekwisha. Unajifukiza nguo, unashukuru, unaondoka. Hakuna anayekuambia toka, chetezo kimeshasema. Na mtu mwenye malezi hangoji kionyeshwe mara ya pili.

Mama akauvuta moshi kwenye mtandio wake, akaweka mkono kifuani, akanikonyeza. Nami nikafukiza mikono ya abaya yangu. Tukaelekea mlangoni. Kiria Eleni akatufuata akisema maneno mengi, akamshika mama mkono, akaonyesha ngazi za ghorofani, akaonyesha jikoni. Mama akatabasamu, akakataa kwa upole, maana na hilo pia tunalijua: mwenye nyumba mwema lazima akung'ang'anize kidogo. Kadiri alivyozidi kutuvuta ndivyo tulivyozidi kumshukuru na kurudi nyuma. Alitusindikiza mpaka kwenye teksi, chetezo kingali mkononi. Tulimpungia mpaka kona ya kwanza.

"Mwanamke wa watu," mama akasema. "Kalelewa."

Kesho yake asubuhi, mwenye zamu ya mapokezi hotelini akanijia kwa wasiwasi. Kiria Eleni alikuwa amempigia dereva, dereva kawapigia wao. Alitaka kujua amewakosea nini wale wageni wawili. Kahawa ilikuwa jikoni inachemka, keki imekatwa, ghorofani hawajapanda, na wameondoka ghafla alipoanza kufukiza nyumba yake kama anavyofanya kila Jumamosi jioni. Hakulala vizuri.

Nilipomweleza mama alikaa kitandani akajishika kichwa. "Masikini! Tumemtia mwenzetu unyonge ndani ya nyumba yake." Kisha akaniangalia. "Na wewe unayejua kila kitu, hukujua hili?"

Sikujua. Na jedwali langu la siku ya mwisho lilikuwa limejaa, lina ngome na makumbusho mengine mawili. Mama akalichukua, akalikunja, akalitia kwenye mkoba wake. Akatoa humo kifuko cha ubani wa Dhofari, ule mweupe wenye ukijani, anaosafiri nao popote pale, akasema yallah, twende.

Kiria Eleni alitufungulia mlango akiwa na uso wa mtu anayejitayarisha kusemwa. Nikaiambia simu, nayo ikamwambia, desturi yetu ya chetezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba irudie. Halafu akacheka kwa sauti kubwa, akampiga mama bega, mama naye akampiga bega, wakacheka wawili hao wakisukumana pale mlangoni kama wasichana wa shule. Mama akampa kifuko. Kiria Eleni akanusa, akafumba macho.

Kahawa tukanywa vikombe viwili viwili. Keki mama alinusa kwanza, akaniambia niulize kama ina pombe, haina, akala vipande vitatu.

Kisha tukapanda ghorofani, na huko, chini ya dirisha, kulikuwa na sanduku.

Si kama la bibi. Lao ni jepesi, limechongwa maua na ndege. Lakini mama alisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na jamaa. Nikaweka simu juu ya karatasi yake: *Sanduku la mahari la mama yangu. Nikiwa mdogo nilijificha humu nikalala, kijiji kizima kikanitafuta mpaka kisimani. Ukilifungua lifunge taratibu, bawaba ya kushoto imechoka.*

Mama akalifungua. Akalifunga taratibu, akiishikilia bawaba ya kushoto.

Akaniambia nimwulize Kiria Eleni kwa nini ameandika vyote hivi. Jibu likaja kwa sauti ile kavu ya simu: watoto wake wako Australia, wana maisha yao, hawatarudi. Siku moja watu watakuja kuchukua vitu, na yeye hataki wachukue sanduku tu. Anataka wamchukue na yule mtoto aliyelala ndani.

Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, nimeyapanga tangu Maskat, na hapo ndipo pa kuyasema. Nikanyamaza. Katika safari nzima hilo ndilo jambo la akili nililolifanya.

Tulipoingia kwenye teksi, kabla hata hatujatoka kijijini, mama akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika. Sanduku hili lilikuwa la mama yangu Zuwena. Droo ya kushoto haifungi vizuri tangu Tabora, kwa sababu nilificha sukari guru humo nikiwa na miaka sita, sisimizi wakaingia, na baba akaivunja kwa hasira. Umeandika sisimizi?"

Akaendelea hivyo mpaka tukaiona bahari. Niliandika kwa kidole kwenye simu mpaka kikafa ganzi: kifuniko, kufuli, alama ya moto pembeni, nani alikaa juu yake melini akatapika. Akafika kwenye droo ndefu ya chini akasita.

"Hiyo nitaisema mwenyewe," akasema. "Siku yake."

Siku yake imekuwa leo.

Asubuhi nilikuta pasipoti zetu zote juu ya meza yangu, zimefungwa kwa mpira. Nikajua mama ana hasira na mimi, ananiambia nitunze vyangu mwenyewe. Saa nne akaja afisa wa makumbusho, dada mmoja mpole aitwaye Maryam, kuliangalia sanduku na kupata saini ya mama. Nilikuwa sijakiri, na bado sikujua mama ataamua nini. Tangu turudi kutoka Krete nimemwuliza mara mbili, na mara zote mbili amenijibu kuhusu bei ya nyanya.

Tukakaa chumbani kwa mama, kahawa na halwa katikati. Maryam akaanza kwa Kiarabu, kwa adabu zote, akimwita mama khala, yaani mama mdogo: "Kama tulivyozungumza kwa simu, khala, mwezi wa nne nilipokupigia kukushukuru..."

Mwezi wa nne. Kabla ya tiketi. Kabla ya Krete.

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa anakata halwa.

"Nilijua, ndiyo," akaniambia kwa Kiswahili, bila kunyanyua macho. "Mtu kanipigia kunishukuru kwa kitu ambacho sijakitoa. Ningekutia adabu siku ile ile, lakini nikasema, hebu tumwone anafika wapi. Na Krete nilikuwa nnataka kwenda."

Nimewahi kubanwa na makandarasi wenye mawakili watatu nikatoka salama. Leo nilisema tu, nisamehe mama. Akanipa kipande cha halwa.

Kisha akaanza kulieleza sanduku. Alimweleza Maryam yote aliyoniandikisha, sukari guru na sisimizi na ya melini, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na Maryam aliandika haraka huku akicheka. Akasema ana sharti moja: kibao kiandikwe maneno yake, kama alivyoyasema, na vipimo wakaviweke wanapopajua. Maryam akasema atalipigania. Mama akafika kwenye droo ya chini. Akaichomoa yote, akaiweka sakafuni katikati yetu, tupu.

"Tulipofika Maskat tulikuwa na chumba kimoja na mkeka. Binti huyu akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo hivi. Kitanda cha mtoto hatuna. Bibi yake akaichomoa hii, akaitandika kanga mbili, akamlaza humu. Alilala humu siku arubaini. Mimi nikiamka nnaweka mkono tu hapa, nnamsikia anapumua."

Nina miaka arubaini na tisa. Nimeipita droo ile kila siku ya maisha yangu. Nimeipiga picha, nimeipima kwa futi kamba, nimewaandikia urefu wake kwenye barua pepe.

Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Hapo nikalia, mbele ya mgeni, bila kujizuia. Na nilichokitaka pale ni kumwambia Maryam achukue karatasi zake aende, sanduku haliendi popote. Mimi! Niliyewaandikia barua nne kuwabembeleza walichukue.

Mama akainuka akaenda jikoni. Dakika chache tu, nikasikia harufu.

Ubani.

Maryam naye ni mtoto wa Maskat. Akaisikia kabla yangu, akafunga daftari, akaanza kukusanya mkoba wake, na uso wake ukaonyesha amepata jibu. Mama amekataa, kwa heshima, kama mtu aliyelelewa. Nikaona aibu kwa ajili ya Maryam, na moyoni, nisidanganye, nikafurahi.

Mama akaingia na chetezo. Akampita Maryam. Akanipita mimi. Akapiga magoti, goti moja baada ya jingine kwa sababu ya miguu yake, akairudisha droo ndefu mahali pake. Akakifungua kifuniko cha sanduku. Ndani hamna kitu, hata kanga moja. Akakishika chetezo mdomoni mwa sanduku, akaupepea moshi uingie ndani kwa mkono, taratibu, kila pembe.

"Kaa, mwanangu," akamwambia Maryam, "bado hujamaliza kahawa. Anayeondoka ni huyu."

Akafunga kifuniko. Akatia saini.

Gari litakuja Jumapili saa tatu. Nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini. Nataka niwepo, nilisindikize mpaka mlangoni.